Uhakika Hufika Pamoja na Hasara: Barua ya Wazi kwa Mnaoshika Fedha za Kilimo

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia kilimo, mifugo, mipaka na hazina,

Mezani kwangu kuna kichupa cha plastiki, na ndani yake yumo nondo mmoja aliyekauka. Nilimtoa kwenye mtego wa feromoni, kile kindoo chenye mfuniko ambacho huning'inizwa pembeni mwa shamba kikiwa na kipande cha mpira kilichotiwa harufu ya jike. Madume hufuata harufu, huzungukazunguka, hutumbukia, hawatoki. Kwa wiki nyingi mtego huo haukuwa na kitu ila buibui na vumbi. Kisha akaja huyu mmoja. Mbawa zimechakaa, vigamba vyenye rangi vimepukutika, na ile alama ya ubawani ambayo ingenipa ujasiri wa kusema "ndiye" haisomeki. Huenda ni mdudu mgeni tunayemhofia. Huenda pia ni binamu yake wa siku zote, maana harufu ileile huwavuta hata jamaa wasiohusika. Mpaka mtaalamu ampasue chini ya hadubini na kutazama viungo vya uzazi, hakuna wa kuapa.

Nikipeleka habari hii juu, swali nitakaloulizwa nalijua: una uhakika? Nimeshaulizwa mara nyingi. Miaka ya nyuma, taarifa moja niliyoshiriki kuiandika ilirudi ikiwa na maneno matatu ya kalamu nyekundu: tusubiri takwimu zaidi. Tukasubiri. Takwimu zikaja, nyingi, nzuri, zenye grafu za rangi. Mdudu naye alikuwa ameshajaa kila upande, na grafu zile zilikuwa za kumhesabu yeye.

Swali hilo ndilo lililonifanya niwaandikie. Siku ambayo kumwondoa mdudu mgeni ni rahisi kuliko siku nyingine zote ndiyo siku ambayo ushahidi ni mdogo kuliko siku nyingine zote. Akiwa kwenye shamba moja, unang'oa, unachoma, unaweka karantini, unaendelea kutega. Akiwa wilaya nzima, unajaribu kumzuia asivuke. Akiwa kila mahali, huna tena la kuamua. Unajifunza kuishi naye, na kila msimu mkulima anatoa mfukoni. Gharama inapanda ngazi hizo, na uhakika unapanda nazo bega kwa bega. Anayengoja uhakika kamili anaupata, lakini anaukuta juu kabisa, ngazi ya mwisho.

Methali ya ufa na ukuta mnaijua, na mmeshaitumia kwenye hotuba. Tatizo ni kwamba hakuna anayewaletea bei ya ufa. Mnaletewa bei ya ukuta, tena baada ya ukuta kuanguka.

Tazameni Uingereza mwaka 2001. Ugonjwa wa miguu na midomo ulithibitishwa tarehe 20 Februari, baada ya nguruwe kukutwa na malengelenge kwenye machinjio moja ya Essex. Tarehe 23 serikali ikapiga marufuku usafirishaji wa mifugo nchi nzima. Siku tatu kwa mwendo wa ofisi si nyingi. Wengi wetu tusingeweza kuitisha hata kikao kwa siku hizo. Ila uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba siku ugonjwa unathibitishwa, mashamba yasiyopungua 57 yalikuwa tayari yameambukizwa. Kondoo walikuwa wamepita minadani, wakapakiwa kwenye malori, wakashushwa mbali, na virusi vikashuka nao. Kufikia mwisho zaidi ya wanyama milioni 6 walikuwa wameuawa. Hasara ilikadiriwa kuwa pauni bilioni 8 hivi, zaidi ya bilioni 3 zikitoka serikalini na zaidi ya bilioni 5 sekta binafsi.

Hizo bilioni 5 ndizo ninazotaka mzitazame kwa makini. Sehemu kubwa yake haikuwa ya wafugaji. Ilikuwa ya wenye nyumba za wageni, wenye migahawa, watu waliokuwa wakiishi kwa wageni wanaokuja kutembea mashambani. Njia za miguu zilifungwa, mizoga ikachomwa kwenye matanuru ya wazi mbele ya kamera, na wageni wakaghairi safari. Mfugaji aliyeuliwa mifugo alilipwa fidia. Mwenye nyumba ya wageni, ambaye hakuwa na hata kondoo mmoja, hakulipwa hasara ya biashara yake. Tathmini inayohesabu ng'ombe na kondoo peke yake isingemwona mtu huyu hata kidogo, na yeye ndiye aliyebeba mzigo mzito.

Sasa turudi kwenye tathmini zenu, au niseme zetu, maana na mimi nimezijaza. Zina kanuni moja: tani zinazovunwa, mara asilimia itakayoliwa, mara bei ya tani. Linatoka tarakimu moja kubwa, linawekwa kwenye ukurasa wa kwanza kwa herufi nene, na kikao kinashtuka. Au hakishtuki.

Hiyo asilimia hutoka wapi? Mwaka 2016 kiwavijeshi vamizi, mzaliwa wa maeneo ya joto ya bara la Amerika, alionekana kwa mara ya kwanza Afrika Magharibi. Mwaka uliofuata CABI, shirika la kimataifa la utafiti wa kilimo, lilikadiria kwamba nchi 12 za Afrika zinazolima mahindi zingeweza kupoteza kati ya tani milioni 8.3 na milioni 20.6 kwa mwaka kama hakuna hatua itakayochukuliwa. Msingi wa makadirio hayo ulikuwa kuwauliza wakulima wa Ghana na Zambia, ambao walitaja hasara ya wastani wa asilimia 45 na 40. Kisha mwaka 2019 ukachapishwa utafiti wa mashariki mwa Zimbabwe, ambako watafiti waliingia mashambani wakapima mimea na mavuno wenyewe. Walipata hasara ya karibu asilimia 12.

Simlaumu mkulima aliyesema nusu ya shamba imekwenda. Nimesimama kwenye mahindi yaliyoshambuliwa. Ukifungua moyo wa mmea unakuta kinyesi cha kiwavi kama unga wa mbao uliolowa, na majani yamekuwa chekecheo. Ukiyaona hayo asubuhi utasema yote yamekwisha. Mmea wa mahindi lakini una ukaidi wake: ukishambuliwa mapema, ukapata mvua na mbolea, mara nyingi hujirudi. Jani lililotoboka si gunzi lililopotea. Na maeneo hayo, misimu hiyo na mbinu hizo za kupima hazikuwa sawa, kwa hiyo sisemi asilimia 12 ndiyo kweli na 45 ni uongo. Nasema kati ya namba hizo mbili kuna tofauti ya karibu mara nne, na wakati tofauti hiyo haijajulikana serikali kadhaa zilikuwa zimeshakimbilia kununua viuatilifu.

Mtaniuliza: si wewe uliyekuwa unatuhimiza tusingoje? Naam, ni mimi. Ila kufanya haraka na kutaharuki ni vitu viwili. Nondo wa kiwavijeshi huyo anaweza kuruka hadi kilomita 100 kwa usiku mmoja. Akishatua bara, ndoto ya kumfuta imekwisha, na kazi iliyobaki ni kujua anakula kiasi gani kweli ili mkulima asitumie fedha nyingi kumpiga kuliko zile ambazo mdudu angemlia. Ugonjwa wa miguu na midomo hutaka saa. Kiwavi aliyeshaenea hutaka kipimo. Tathmini nzuri ndiyo inayowaambia mko kwenye hali ipi kati ya hizo, na haiwezi kuwaambia kama imewaficha shaka yake ndani ya tarakimu moja la herufi nene.

Kwa hiyo ombi la kwanza: kataeni tarakimu moja. Mchumi akiwaletea namba peke yake, mrudishieni, mwambieni alete ya chini, ya juu, na sentensi moja inayoeleza kwa nini zimeachana. Sentensi hiyo ndiyo yenye kazi.

Mfano mzuri ni mizeituni ya Italia. Bakteria aitwaye Xylella fastidiosa aligunduliwa Puglia, mkoa wa kusini mwa nchi hiyo, mwaka 2013, akisambazwa na wadudu wafyonzao utomvu, na miti iliyoishi karne kadhaa ikaanza kukauka kuanzia ncha za matawi. Mwaka 2020 watafiti walichapisha hesabu ya miaka 50 mbele. Kama miti ikifa na ardhi ikaachwa bila kupandwa, hasara ya Italia ingekuwa kati ya euro bilioni 1.9 na 5.2. Kama wakulima wataweza kupanda upya aina zinazostahimili, inashuka hadi kati ya bilioni 0.6 na 1.6. Bakteria ni yuleyule, kasi ni ileile. Kilichobadilika ni kile ambacho binadamu atafanya baada ya mti kufa. Hapo mchumi amewapa kitu cha kuamulia: fedha za miche na utafiti wa aina stahimilivu zina thamani, na thamani hiyo inaweza kuandikwa kwenye bajeti.

Puglia ina somo jingine, chungu zaidi. Desemba 2015 waendesha mashtaka wa huko walisimamisha ukataji wa miti na wakawachunguza wanasayansi wenyewe; uchunguzi huo ulikuja kufungwa mwaka 2019 bila kesi. Watu walikuwa wamejifunga kwenye miti ya babu zao. Ukimwendea mtu na msumeno kabla hujamwendea na maelezo, yeye hasikii "karantini", anasikia "unyang'anyi". Hilo nalo lina gharama, na sijaona jedwali lenye safu yake.

Ombi la pili ndilo lililo gumu, naomba mnivumilie. Huwa mnauliza kuna uwezekano gani kwamba huyu ndiye. Swali lenye faida zaidi ni hili: uwezekano uwe mdogo kiasi gani ndipo tusifanye kitu?

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kusafisha eneo moja linaloshukiwa kunagharimu 1. Tuseme mdudu akiota mizizi, hasara yake kwa miaka yote ijayo, ikiletwa kwenye thamani ya leo, ni 100. Na tuseme usafishaji hufanikiwa mara moja kati ya mara mbili. Basi kila operesheni inaokoa 50 ikiwa mdudu kweli yupo na angestawi, na haiokoi chochote ikiwa hayupo. Inajilipa mara tu uwezekano unapozidi 2 kwa 100. Mbili! Maana yake ni kwamba hata nikiwaambia nina uhakika wa asilimia 5 tu kuhusu nondo wangu huyu aliyechakaa, hesabu inasema tokeni mkafanye kazi. Mtakosea mara nyingi. Mtachoma mashamba ya bure, mtaaibika magazetini, na bado mtakuwa mmeokoa fedha.

Lakini geuzeni namba. Hasara iwe 5, usafishaji uwe 1 na ufanikiwe mara moja kati ya kumi. Hapo hata uhakika kamili hautoshi, kwani unatoa 1 kuokoa nusu. Wageni wengi wanaoingia nchini hufa bila kustawi: baridi imewashinda, mmea wanaoupenda haupo, wenza hawakupatikana. Atakayewaambia mpigane na kila mdudu atawafilisi. Hesabu hii inakata pande zote mbili, ndiyo maana naiamini. Ila ni lazima ifanyike kabla ya mdudu kufika. Akishafika, simu zinalia, wanahabari wako getini, na hakuna atakayekaa kutafuta thamani ya leo ya hasara ya miaka 30.

Wala msiniambie sheria za biashara za kimataifa zinawafunga. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya binadamu, wanyama na mimea, ulioanza kutumika mwaka 1995, unadai tathmini ya hatari, ndiyo. Kifungu cha 5 kinataja hata vitu vya kiuchumi vya kuzingatia: hasara ya uzalishaji au mauzo, gharama za kudhibiti au kutokomeza, na nafuu ya njia nyingine. Na ibara ya 7 ya kifungu hichohicho inaruhusu hatua za muda pale ushahidi wa kisayansi usipotosha, mradi mwendelee kuutafuta na kuipitia hatua hiyo upya ndani ya muda unaofaa. Waliouandika walijua kwamba ushahidi huchelewa.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hayo yote, nalo ni kwamba kazi hii ikifanikiwa haionekani. Mwaka 1988 nzi wa Amerika ambaye funza wake hula nyama hai ya mnyama aligunduliwa Libya. Alikuwa amevuka bahari, na nyuma yake kulikuwa na bara zima la mifugo na wanyamapori. Zikaletwa kwa ndege, kutoka kiwanda cha Mexico, pupa zaidi ya bilioni moja za nzi waliotiwa utasa kwa mionzi. Jike wa nzi huyo hupandwa mara moja tu, akikutana na dume tasa uzao wake umekwisha. Kisa cha mwisho kilionekana Aprili 1991. Waulizeni wafugaji wa Afrika leo kama wanamjua nzi huyo. Hawamjui, wala hawana sababu ya kumjua, na hapo ndipo ugumu wa kuombea bajeti ulipo: nani atapiga kura kwa ajili ya kidonda ambacho ng'ombe wake hakukipata?

Kule alikotoka, nzi huyohuyo alisukumwa kusini hadi Panama, na ukuta wa madume tasa ukamshikilia hapo tangu mwaka 2006. Mwaka 2023 visa vilifumuka Panama yenyewe, vikapanda Amerika ya Kati, na Novemba 2024 akathibitishwa Mexico. Marekani ikafunga mpaka wake kwa ng'ombe kutoka huko. Kiwanda kilichoisaidia Libya kilikuwa kimeshafungwa miaka kadhaa kabla. Kulikuwa kumetulia mno kwa mtu kuendelea kukilipia.

Kidung'ata wa mihogo, mdudu mdogo afyonzaye utomvu, anatoa picha iliyo kinyume. Aliingia Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1970, akakausha mihogo kutoka nchi hadi nchi. Watafiti wakamfuata kwao Amerika ya Kusini, wakapata Paraguay nyigu mdogo kuliko mchele ambaye hutaga ndani yake, na kuanzia mwaka 1981 wakamwachia Nigeria. Mwaka 1988 mchumi Richard Norgaard alikokotoa kwamba kila dola 1 iliyotumika ilirudisha 149. Uwekezaji gani mwingine mnaoujua unaorudisha hivyo? Na nyigu haombi posho.

Ripoti ya mwaka 2023 ya IPBES, jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, inasema viumbe vamizi viliigharimu dunia zaidi ya dola bilioni 423 mwaka 2019, na kwamba gharama hiyo imekuwa ikiongezeka mara nne kila muongo tangu 1970. Ndani ya ripoti hiyo kuna mgawanyo ambao mimi naukumbuka kuliko jumla yenyewe: asilimia 92 ya gharama ni madhara, 8 tu ni fedha za kuvidhibiti.

Kuhusu fedha, mpango upo wa kuigwa. Australia ina makubaliano kati ya serikali na vyama vya wazalishaji, tangu mwaka 2005, yanayopanga visumbufu vya mimea katika makundi manne kabla havijaingia. Kisumbufu ambacho madhara yake ni ya umma mzima hulipiwa na serikali asilimia 100. Kinachoumiza zaidi wazalishaji wenyewe, serikali hutoa 20 na wao 80. Kati ya hapo kuna 80 kwa 20 na 50 kwa 50. Siku ya dharura hakuna kubishana nani alipe, waliishabishana mapema, wakiwa wamekaa na akili zimetulia. Na mkulima ambaye mazao yake yanaharibiwa kwa amri hurudishiwa gharama zake.

Hilo la mwisho wengine huliita huruma. Mimi naliita mtego bora kuliko kindoo changu. Mkulima ndiye anayeona jani la kwanza. Akijua kwamba kusema ni kupoteza shamba bila senti, atafukia ule mmea usiku na kunyamaza, na ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Fidia isizidi thamani ya mazao, kweli, vinginevyo wapo watakaomkaribisha mdudu wenyewe. Iwe ndogo kidogo kuliko soko, ila ifike haraka. Fidia inayofika baada ya miaka miwili hainunui taarifa ya mtu yeyote.

Basi sitawaomba jengo jipya wala kamati. Nawaomba karatasi, moja kwa kila kisumbufu mnachokihofia, iliyoandikwa kabla hakijafika: hasara ya chini na ya juu, nani atakayeibeba pamoja na wale wasiolima, uwezekano unaotosha kuchukua hatua, nani analipa, na fidia ni kiasi gani. Kila mwaka mmoja wenu aifungue, aulize kama namba zake bado zina maana. Na kila tathmini iliyopita ilinganishwe na kilichotokea kweli, hadharani, hata pale ilipokosea. Hasa pale ilipokosea.

Nondo wangu anakwenda maabara kesho. Wakati majibu yanasubiriwa, ninalo swali moja, na ningependa lijibiwe kwa maandishi: akithibitika kuwa ndiye, ni ofisa wa cheo gani atakayetia saini fedha zitoke, na ana saa ngapi za kufanya hivyo?

Wenu katika kazi,
Mkagua mitego